Kiti Kimoja kwa Mapacha wa Theodora

Kanyenye,
Tabora.
Jumatano, 6 Machi 2024.

Mpendwa mpwa wangu Shija,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba wivu hutoka kwa maadui. Adui hana haja ya kukuonea wivu. Anakuchukia, basi, yameisha. Wivu ni wa yule mliyelala kitanda kimoja, anayejua ulianza lini kuvaa viatu. Nitalieleza hilo, lakini salamu kwanza, kwa sababu barua isiyo na salamu haina tofauti na hati ya kuitwa mahakamani.

Marahaba, maana najua umeshaniamkia. Hujambo wewe na watoto? Mgongo wa mumeo Lukumani unaendeleaje? Mwambie korosho za Masasi zilikuwepo kabla yake na zitakuwepo baada yake, asijivunje kwa magunia. Sisi huku tupo kwenye Kwaresima na ninyi mnajiandaa na Ramadhani, kwa hiyo mwaka huu nyumba zote mbili zitashinda na njaa pamoja. Mimi ni mzima. Presha imetulia tangu mke wangu Julieth aliponinyang'anya kopo la chumvi, ingawa mboga zimekuwa kama maji ya mto.

Mvua ni nzuri. Karanga mbichi zimejaa sokoni na uyoga umeanza kupungua. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliyokuahidi ipo, tunasubiri mtu anayesafiri.

Nimeandika kwa mkono, na Julieth atapiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu uzipate leo. Ningeweza kukupigia, lakini wewe, mwanangu, ukiwa kwenye simu unawamalizia watu sentensi zao, na jambo hili linataka kusikilizwa mpaka mwisho.

Unajua kwamba mwenyekiti wa halmashauri yetu alijiuzulu kwa sababu ya maradhi. Baraza la madiwani ni bunge letu dogo: ndilo linalotunga sheria ndogo na kupitisha bajeti, na anayeliongoza ana sauti kubwa kuliko ofisi yenyewe inavyoonekana. Karibu madiwani wote ni wa chama chetu. Kwa hiyo mgombea anayeteuliwa na chama husimama peke yake, na baraza hupiga kura ya ndiyo au hapana. Wageni huliona hilo kuwa jambo jepesi. Kumbe ndipo vita vinapokuwa vya ndani, kwa kuwa hakuna mtu wa nje wa kupigana naye.

Walioomba uteuzi walikuwa wawili, kaka zako, Kulwa na Doto.

Wewe ulizaliwa nyuma yao, ndiyo maana ukaitwa Shija, na huenda hujui mambo yalivyoanza. Walipozaliwa, bibi yako alimkalisha mama yako akamwambia asithubutu hata siku moja kumpa pacha mmoja akamwacha mwingine. Theodora alilishika agizo hilo kuliko katekisimu. Huyu akishonewa shati, na mwenzake ashonewe. Doto alipougua surua, Kulwa alilazwa naye mchana kutwa, mzima wa afya, analia anataka kwenda kucheza. Sisi wajomba tulicheka, lakini tuliona watoto wanapendana, tukanyamaza.

Kulwa ndiye aliyetangulia kuingia barazani. Uchaguzi uliofuata akambeba Doto kwenye pikipiki yake, kijiji kwa kijiji, akimwombea kura katika kata ya jirani. Akamfundisha kanuni za vikao, wapi pa kusimama na wapi pa kunyamaza. Jumamosi iliyopita madiwani wa chama walipiga kura ya uteuzi, na Doto akamshinda mwalimu wake.

Nilikuwepo uani pale ofisi ya chama, pamoja na wazee wengine. Na ili usidhani mjomba wako ni malaika, nilipoona mzee Sabiri, fundi cherehani, ameitwa akae kiti cha mbele huku mimi nikiachwa kwenye benchi, sikusikia nusu ya hotuba. Basi pima mwenyewe moyo wa Kulwa ulivyokuwa.

Hata hivyo alisimama akampa mkono ndugu yake. Nakuhakikishia, siku ile alikuwa amelimeza. Jambo liliharibika kesho yake.

Jumapili baada ya misa tulikusanyika kwa mama yako. Theodora, kwa furaha, alikuwa ametuma mtu Igunga amletee kitambaa kizuri cha suti, ili mwenyekiti mtarajiwa avae siku ya kuapishwa. Akakifunua mbele yetu sote, akakiweka begani kwa Doto, na akina mama wakapiga vigelegele. Kilikuwa kitambaa kimoja. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, mama yao alimpa mmoja. Hakudhamiria; alidhani cheo si shati. Nilimtazama Kulwa. Aliangalia mikono yake mitupu kama mtu aliyesahau alichokuja kukifanya, kisha akatoka bila kula.

Jumatatu Theodora, baada ya kunisikiliza, alimpelekea kitambaa kama kile kile. Kilirudishwa na ujumbe kwamba apewe mwenyekiti, akishonee mapazia ya ofisi.

Tangu hapo maneno yamekuwa mengi. Pale wanapokunywa kahawa hapa Kanyenye, watu walimwona Kulwa anapita, mmoja akasema kwa sauti kwamba leo pacha mmoja amekula na mwingine anapiga miayo. Kulwa aliwahi kujibu tani kumi za utani bila kukunja uso. Safari hii alipita kimya. Diwani Masanja, ambaye siku zote amekitamani kiti kile yeye mwenyewe, amemweka Kulwa mkononi. Kila jioni wanakutana na wenzao wa kutosha kuiangusha kura. Mpango wao ni kesho Alhamisi, baraza likipiga kura, wamwandikie Doto hapana. Akianguka, chama kitateua upya, na Masanja yuko tayari amechana nywele. Kwa Kulwa hakutakuwa na kitu, isipokuwa kufukuzwa uanachama ikijulikana, na diwani akifukuzwa na chama udiwani nao huenda.

Nilikwenda kwa Doto kwanza. Nilimwomba akubali kumpendekeza nduguye kuwa makamu. Alinijibu kwa adabu, lakini akakataa.

"Mjomba, tangu nizaliwe mimi ni wa pili. Jina langu lenyewe ni la aliyefuata. Shule nimefuata, ndoa nimefuata, udiwani nimefuata. Nikae mara moja tu bila kumwona pembeni yangu."

Kwa hiyo naye ana wivu, Shija, na ameshinda. Hili watu hawalielewi, kwamba kushinda hakuuponyi.

Jana nikaenda kwa Kulwa. Nilimkuta anapalilia mpunga, nikakaa kwenye tuta nikaanza, kama ilivyo desturi yangu, na historia. Nikamweleza kwamba njia ya misafara ya mababu zetu, kutoka hapa kwenda pwani, ilikuwa nyembamba, inapitisha mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo kirangozi, yule wa kutangulia, alikuwa mmoja, na wapagazi wenyewe ndio waliomkubali. Aliyekuwa nyuma yake hakuwa mdogo. Mzigo wake ulikuwa na uzito ule ule.

Kulwa akaegemea jembe. "Na huyo kirangozi, mjomba, alikuwa na pacha?"

Nikasema sijui.

"Basi hadithi yako haijafika kwangu."

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Nikaona mlango umefunguka kwa upana wa kidole, nikamuuliza anataka nini hasa. Aling'oa magugu, akayakung'uta udongo, akayatupa.

"Kiti nilishakisahau Jumamosi ile ile. Lakini mjomba, simu ya Doto haikupumzika, pongezi kila upande. Yangu ilikaa kimya. Hakuna aliyenipa pole hata mmoja. Hata Shija."

Nilimwambia kwamba mimi nimekuja. Akasema nimekuja kwa ajili ya kura. Na alisema kweli, mwanangu.

Doto alinionesha ujumbe wako wa pongezi. Ni ujumbe mzuri, wenye mapenzi, na sikulaumu. Nasi huku tulifanya vivyo hivyo, tena tulikuwa tunamwona kwa macho. Tulimlea mtu kwa kumhesabia sawa na mwenzake katika kila kitu, halafu siku aliyokosa tukamwacha akose peke yake. Mimi siwezi tena kumpa pole akaiamini. Mama yako naye vivyo hivyo, maana tayari amejaribu kwa kitambaa. Wewe uko mbali, huna kata wala kura, na ndiwe mdogo ambaye Kulwa alimbeba mgongoni. Ukimpigia, atajua umempigia yeye.

Usiguse habari za baraza. Usimtaje Masanja wala kumwombea Doto. Kesho ataandika atakachoandika, na kura ni ya siri. Hata mimi sitajua. Ninachokitaka ni kwamba akishika kalamu awe bado ana ndugu.

Nisalimie Lukumani, mama mkwe wako, na watoto wote. Julieth anakusalimu sana, na Theodora pia, ingawa siku hizi anashinda na rozari na haongei. Mungu awalinde huko kusini, awape mwezi mtukufu wenye afya na riziki.

Weka simu chini upumue kidogo, kisha mpigie Kulwa leo, umpe pole.

Mjomba wako asiyechoka kukupenda,
Wilbroad Ngollo