Ua Lililokua Bafuni Kwako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na shemeji bado anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Huku sote wazima. Mimi hasa nina raha mpaka viatu vinanibana.

Dada, okidi ya binti yetu imechanua. Ile ile iliyoning'inia kwenye dirisha la bafu lako alipokuwa anasoma kwenu. Sasa ni jitu. Imejaza kapu la mbao pana kama meza, mizizi nje nje, udongo hata chembe hakuna, na shina la maua limempita shemeji kwa urefu. Maua ya manjano, yana madoa kama ya chui. Mwenye bustani anakofanya kazi binti, alikoihamishia okidi yake, alichoka kuona majani matupu miaka nenda rudi, akasema isipochanua safari hii itang'olewa. Binti akaendelea tu kunyunyiza maji, kufungua vioo hewa ipite, kupapasa mizizi kwa kidole kama mkunga. Leo amekabidhiwa nyumba nzima ya vioo ya kukuzia mimea. Msimamizi, dada. Nimeutangazia mtaa mzima, hata fundi bomba ambaye hakuuliza.

Siku ya kuwaonyesha wageni niliketi mbele, gauni jipya, nywele zimesukwa mpaka macho yamevutika. Mgeni mmoja akamuuliza binti ni nani hasa aliyemfikisha pale. Nikaanza kunyanyuka taratibu, tabasamu tayari. Binti akasema, "Ni mama mkubwa. Nyumba yake nzima ilioga kwa kujibana ili ua langu lipate mvuke, na hakuna siku aliyoniambia nilitoe."

Nikakaa. Nikajifanya nanyoosha gauni.

Nikwambie ukweli, nilikuonea wivu, njiani nikatangulia nikamwacha nyuma. Tulipofika akanipikia chai, akanisimulia shemeji alivyokuwa akitoka na sabuni masikioni kwa kuogopa kugusa majani, na wewe ukimwambia akivunja hata moja ataoga uani mpaka azeeke. Nilicheka mpaka nikalia, kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Nilikupa mtoto umlishe na kumlaza tu. Wewe ukampa na nafasi ya kupenda kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona cha maana. Mimi niliyemzaa ningekitupa wiki ile ile. Ahsante, dada. Sijawahi kukwambia.

Maua bado yapo, njoo upesi. Majirani wanajua unakuja. Utakaa mbele, na mimi ubavuni kwako, watu wasije wakanisahau.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Maringo, mama mwenzio