Nimesamehewa Dizeli Ambayo Sikuiba

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, mlima hauonekani, nami nimekaa kwenye intaneti kafe hapa Moshi mjini, mikono inanuka oili. Nina hasira. Afadhali niandike kuliko kwenda kumtukana mtu mzima.

Lori ninaloendesha ni la baba mdogo. Kwa miezi sasa linakunywa dizeli kupita kiasi. Nikipakia saruji ya kupeleka Tarakea, kuanzia Himo kupanda Marangu linakosa nguvu na kutoa moshi mweusi, hadi watoto wa shule wanaziba pua. Nilimwambia hewa ya turbo, ile inayosukumwa kwenye injini, inavuja mahali, maana nikikanyaga mafuta nasikia mluzi. Akanijibu kwamba kinachovuja ni tangi, na linavujia kwenye madumu yangu.

Yaani mimi mwizi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, ukoo ulikaa kihambani kwake, kwenye migomba ya nyumbani. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilizunguka, na ilipofika zamu yangu baba mdogo akampa aliyekaa baada yangu. Kwetu hiyo ni hukumu tosha. Mama aliinamisha kichwa kana kwamba ni yeye aliyekamatwa na dumu.

Nimembembeleza wiki nzima, leo akakubali twende kwa fundi Eliya. Eliya aliziba mdomo wa turbo kwa kizibo chenye valvu, akaingiza upepo wa kompresa taratibu, tukapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Povu likachemka kwenye bomba la mpira linalotoka kwenye turbo, pale lilipozungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Tukavifungua. Chini yake kuna mpasuko mrefu kama kidole. Lori likisimama unajifunga, likivuta mzigo unaachia. Hewa ikipungua, dizeli haiungui yote. Ndio moshi, ndio ulaji wa mafuta.

Na ile tyubu aliifunga nani? Baba mdogo mwenyewe, mwaka jana, akisema bomba jipya ni la nini.

Tumefunga bomba jipya na klempu mpya za kulibana, tukapanda na mzigo hadi Marangu Mtoni. Moshi hakuna. Lori linavuta hadi raha! Nikawa nasubiri neno moja tu, pole. Sikutaka apige magoti.

Tuliporudi gereji akaninyooshea ufunguo wa lori mbele ya Eliya.

"Haya, shika. Kesho nitawaambia nyumbani nimekusamehe. Mambo ya dizeli tuyaache hapa hapa."

Eliya akajifanya anatafuta spana.

Nimeuacha ufunguo mkononi mwake nikaondoka kwa miguu. Kazi nyingine sina, najua. Kinachoniuma ni kwamba kesho mama atamshukuru. Atamshukuru kwa machozi!

Lakini nitakwenda, ukoo ukikaa tena kwake baada ya misa. Bomba lililopasuka ninalo hapa kwenye mfuko wa rambo. Nitaliweka katikati yao, nimwamkie baba mdogo kwa heshima zote, kisha nimwombe aseme, mama akisikia, ananisamehe nini.