Mama Gulshan, Tepe Zako Zimegeuka Rangi

Mama Gulshan,

Shikamoo. Najua safari hii hutaniitikia, lakini mdomo umeshazoea. Ni mimi Mwanaidi, fundi wako wa kibarazani. Nimekaa palepale mbele ya duka lako la vitambaa hapa Korogwe, cherehani mbele yangu, na machozi yananiharibia kazi.

Tulipokwisha kukuzika, Rizwani mwanao alitia kufuli kubwa mlangoni, akasema baada ya arobaini atampangisha mtu wa kuuza simu. Mimi akaniruhusu nibaki kibarazani hadi hapo. Sikumlaumu. Angejua nini yeye, kaondoka hapa mdogo kwenda kusoma Dar. Lakini roho iliniuma, Mama, wala si kwa ajili ya riziki yangu tu. Nilijiuliza: na tepe je?

Maana wewe ukimwona mtu kamtendea mwenzie wema bila kutazama nani anamwona, ulikuwa unatoka mbio na malapa yako, unararua utepe wa kitambaa cha manjano, unamfunga mkononi. Akienda nao kwa Mama Tatu, anapata chai na maandazi. Kwa Mzee Shekue, anashonewa kiatu. Wao wanakurudishia utepe, wewe unawapa uzi, zipu, kitambaa cha sare za watoto, na genge la Mama Tatu halikukosa mlaji hata mwaka ule wa ukame. Tepe zilizorudi nikaziunga mimi kuwa blanketi za kufunikia vichanga kule zahanati ya Magoma. Na ole wake anayekuja kujiombea! Yule bwana aliyekuja kujisifu kwamba kamsalimia mama mkwe wake, ulimfukuza na futi ya kupimia. Tulicheka hadi ukashika mbavu.

Sasa sikiliza. Arobaini yako ikikaribia, gunia la machungwa la bibi mmoja wa Kwaluguru lilipasuka katikati ya barabara kuu. Machungwa yakabingirika hadi chini ya malori. Mkata mkonge mmoja wa Ngombezi, katoka kazini hoi, viatu vimeachama, akajitosa barabarani, akasimamisha magari, akaokota moja moja mpaka gunia likajaa. Bibi akamtolea machungwa, akakataa. Na mimi hapo nimeshika mkasi, sina hata kipande cha manjano. Kitambaa kiko nyuma ya kufuli. Nikainamisha kichwa.

Mara namwona Mama Tatu anavuka. Akashika pindo la khanga yake, ile mpya aliyoinunua kwako sikukuu ya Idi, akaliuma kwa meno, akararua, kraa! Akamfunga yule baba mkononi, akamwelekeza kwa Mzee Shekue. Nikasema moyoni, leo mtu anaaibika, maana Shekue atalipwa na nani? Mzee akautazama utepe ule wa maua. Akautazama mlango wako uliofungwa. Akasogeza kigoda: "Kaa, mwanangu, lete hivyo viatu."

Subhanallah! Mwili ulinisisimka, Mama, hata sasa ninapoandika. Tangu siku ile watu wanararua vya kwao. Pindo za kanzu, ncha za mitandio, hata shuka jekundu la Mmasai wa mnadani. Hakuna anayerudishiwa uzi wala zipu, na hakuna aliyeuliza. Mimi nilidhani mji huu umeubeba wewe mgongoni, kumbe ulishautua zamani, unatembea wenyewe. Tepe wananiletea mimi, nami nashona.

Siku ya arobaini, baada ya dua, Rizwani akaja na mtu wa simu. Akakuta blanketi la rangi zote mapajani mwangu, akauliza hii nguo gani. Nikamweleza. Akadhani namdanganya ili nisifukuzwe. Basi Mama Tatu akamwonyesha khanga yake ilivyobaki, kipande. Mwanao akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya pasi, akalia kwa sauti, akimwita mama yake. Halafu akamwomba radhi mtu wa simu, akafungua kufuli.

Akatoka na utepe wa manjano, kaurarua kombokombo, akamfunga Mama Tatu na kumwambia leo akale popote bure. "Nikale wapi," Mama Tatu akamjibu, "na mwenye chakula ndiye mimi?" Mtaa mzima ulicheka. Nilikutafuta kwa macho, Mama, nione kama nawe unacheka.

Nakuahidi nitamfundisha Rizwani kurarua kitambaa kwa mkupuo mmoja, kinyoofu. Na pumzi zangu zikiwapo, hakuna kichanga Magoma kitakachopigwa na baridi.

Mungu akulaze pema. Duka liko wazi, Mama.

Mwanaidi wako