Ngoma Tatu Zilizoshinda Mashine

Mama yangu mupenzi,

Habari za hapo Wamaza? Mugongo imekuachia kidogo? Yaya Feza akikusomea hii, umwambie asiruke hata mustari moja.

Mimi niko muzima. Baridi ya hapa Liège inauma masikio, na kazi ya kuangalia wazee inachosha, lakini leo ninacheka peke yangu.

Unakumbuka nilipiga ngoma kubwa mu fanfari ya parokia kule Kasongo? Hapa nimeingia mu orkestre ya mutaa. Tunachukua ile muziki ya mashine, yenye vijana wanacheza usiku mu boite, zile nyumba za dansi, tunaipiga na violoni, tarumbeta na ngoma. Hakuna ordinateri ya kutoa sauti, hakuna umeme. Shida ni kwamba mashine haichoki. Inapiga du-du-du mbio mpaka mwisho. Luka, mupiga ngoma wetu, akifika katikati mukono unakufa, muziki yote inalegea. Tulijaribu mara tatu. Madame Odile, shefu wetu, akaweka chini kijiti chake cha kuongozea.

“Wimbo huu tunauondoa. Hauwezekani na mikono ya watu.”

Mama, sina mazoea ya kusema mbele yao. Nikasimama hata hivyo.

“Kwetu sombe ya karamu, majani ya muhogo, hatwangi mutu mumoja. Watatu wanatwanga mu kinu kimoja.”

“Na miti ya kutwangia haigongani?” Madame Odile akauliza.

“Haigongani. Kila mutu anangoja zamu yake.”

Nikaleta ndoo na vipini vya mifagio, tukagawana mapigo ya Luka watu watatu: yeye, mimi na mwenzetu mumoja. Siku ya kwanza Luka alinigonga kidole, nikatukana mu Kibangubangu, wote wakacheka. Tukaendelea mpaka mikono ikajua yenyewe, ndipo tukahamia mu ngoma tatu.

Jumamosi, siku ya konseri, vijana walikuja, wakakaa mikono kifuani. Tulipoanza, binti mumoja akasimama, kisha mustari wake wote, mwishowe wakasukuma viti pembeni. Hatukulegea hata kidogo! Luka alikuwa anatoka jasho na kucheka.

Madame Odile akaniuliza: “Nani alikufundisha?” Nikamutajia wewe na Mama mukubwa Amina, wenye mulinifundisha kutwanga. Tunarudilia konseri wiki hii, na karatasi yake imechapwa majina yenu wawili. Nimeitia humu.

Unisalimie Mama mukubwa, Kaka Yuma na pikipiki yake, na muzee katekista aliyenipa ngoma wakati wengine walisema si kazi ya binti.

Na hiyo karatasi, Mama, nakuomba, usiifungie chumvi kama karatasi zingine.

Mutoto wako,
Sifa