Kadi za Noeli zenye Mbuyi wawili

Jumamosi, Noeli iko mlangoni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na mtaa wetu wote wa Musonoi ni tope jekundu. Moyo wangu nao ni mzito, siwezi kusema vingine.

Kadi zimefika.

Nianze na nia yangu, maana ilikuwa nzuri. Kila mwaka mama hutuma kadi za Noeli kwa ndugu zetu wa Mbuji-Mayi, kule alikotoka babu alipoletwa huku kufanya kazi ya migodi. Hununua sokoni zile za kawaida, zenye mshumaa na kengele, akawapa wasafiri wazipeleke. Mwaka huu hakuzitaja kabisa. Nikaona nimtafutie kitu cha kumchangamsha: kadi za kuagiza mtandaoni, zenye picha yetu wenyewe na majina yetu. Kuna dada mmoja wa Lubumbashi anazitengeneza. Unachagua pambo, unamtumia picha, unaandika majina, naye anazituma kwa basi.

Picha tulipiga mbele ya nyumba, watatu: mama, kaka yangu Mbuyi, na mimi. Baba alitutoka zamani. Kabanga, pacha wa Mbuyi, tulimzika msimu wa mvua uliopita, baada ya udongo kumwangukia yeye na wachimbaji wenzake kule kwenye mgodi wa Mashamba. Jeneza lilikuja limefungwa. Mama hakuruhusiwa kumwona uso.

Tangu siku ile mama hamwiti Mbuyi kwa jina. Kwetu Waluba majina hayo mawili huenda pamoja: pacha wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga, na anayezaliwa baada yao ni Kanku, ndiye mimi. Mama mwenyewe mtaa mzima humwita Mwambuyi, mama wa mapacha, au mapasa kama tusemavyo hapa. Zamani hata akimhitaji mmoja tu, aliwaita wote wawili kwa pumzi moja. Sasa humwita Mbuyi "papa", kama anavyoitwa mwanamume yeyote, au hungoja apite karibu. Mbuyi halalamiki. Ila nimemwona akisimama mlangoni bila kazi yoyote, akisubiri aitwe.

Basi nilipofika mahali pa kuandika majina, niliandika hivi: Mwambuyi, Mbuyi, Kabanga, Kanku.

Nimejiuliza leo kama nilisahau. Sikusahau. Vidole viliandika Mbuyi, halafu vikashindwa kukomea pale. Nikajiambia ni jina tu, litamdhuru nani? Nikabonyeza kutuma.

Siku zilizofuata umeme ulikatika. Bwawa la umeme la Nzilo liko hapa hapa karibu, lakini umeme wake hutupita juu ya vichwa kwenda migodini, na simu yangu ikazima. Ilipowaka tena nikakuta ujumbe wa yule dada, na kadi zilikuwa tayari njiani.

"Dada Kanku, Kabanga haiko ku photo. Nilikutafuta, haukujibu. Juu ni mapasa, minamutengeneza. Noeli njema!"

Niliusoma mara mbili, nikakataa kuuelewa.

Leo nimefungua furushi mezani, mama na Mbuyi wakiwa hapo. Theluji inaanguka juu ya nyumba yetu ya Musonoi, theluji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Chini ya theluji tumesimama wanne. Yule dada bila shaka ni Mluba mwenzetu. Akiona Mbuyi na Kabanga hahitaji kuuliza, anajua ni mapacha, na mapacha ni sura moja. Alichukua uso wa Mbuyi na mwili wa Mbuyi, akaugeuza, akambadilishia rangi ya shati, akamsimamisha upande wa pili wa mama. Saa ya Mbuyi iko mkono wa kushoto. Ya yule mwingine iko mkono wa kulia.

Ni kazi safi. Natamani ingekuwa mbaya.

Niseme ukweli, kwa muda wa kufumba na kufumbua nilifurahi kumwona. Kisha nikaona aibu, kwa sababu Mbuyi alikuwa ameiinamia kadi, halafu akaanza kuitazama mikono yake mwenyewe.

Wakiwa watoto hawa wawili waliwachezea watu wote: walimu, padri, hata baba. Mama peke yake hakuwahi kukosea. Aliwatambua hata kwa kikohozi cha chumba cha pili. Kwa hiyo nilingoja aseme huyu ni wa uongo, aichane, anitukane. Ningeshukuru.

Mama akavaa miwani. Akakaa na ile kadi muda mrefu, akipitisha kidole juu ya huyu, kisha juu ya yule.

"Kanku," akaniuliza, "Kabanga njo huyu ao huyu?"

Mbuyi ndiye aliyesogea, akainama karibu na bega lake.

"Ule wa shati ya kijani, mama."

"Eeh. Minamuona," mama akasema. "Alikonda."

Halafu mama akasema, kwa sauti yake ya zamani kabisa, "Mbuyi, uniletee bic, niandikie bantu ba Mbuji-Mayi."

Mbuyi alikimbia kuileta kalamu. Mtu mzima, mwenye ndevu, alikimbia.

Kuna jirani anasafiri kesho, na mama anataka kadi zote ziende naye. Watu wa Mbuji-Mayi walimlilia Kabanga pamoja nasi kwenye simu. Watafungua bahasha wamkute amesimama, amevaa shati jipya. Watasema tumerukwa na akili. Nikizificha, itabidi nimweleze mama kwa nini, na baada ya hapo sijui kama Mbuyi ataitwa tena humu ndani. Nitazipeleka. Mungu anisamehe, nitazipeleka.

Ila kuna jambo sijamwambia Mbuyi, na sidhani nitamwambia. Alipoitwa, mimi nilikuwa nikimtazama mama usoni. Mbona macho yake hayakutoka kwa wale wawili wa kwenye kadi?