Mama Ng'ambo ya Mto

Neema mjukuu wangu,

Habari za chuo? Hapa Scarborough tu wazima, na goti la bibi yako limetulia. Umenichorea mishale miwili, mmoja wa mwogeleaji na mmoja wa mkondo, ukauliza atatokea wapi ng'ambo. Umemuuliza bingwa! Mwaka tuliokimbia kwetu, mimi wa darasa la nne niliuvuka mto kwa kuogelea. Mama alikuwa ameshavuka na mdogo wangu, akanipigia kelele, "Nitazame mimi tu!" Kila nilipoinua kichwa, alikuwa mbele yangu kabisa. Maisha yote nimejisifu kwamba mkondo haukunisogeza.

Lakini mishale yako inasema lazima nilisombwa. Basi mama alikuwa anakimbia ukingoni sambamba nami, mtoto mgongoni. Alinisikia nikijisifu mpaka alipofariki, na hakunisahihisha hata siku moja.

Babu yako