Kisu ya Kwenda Nayo Aveba

Jumatatu, 6 Oktoba

Kazi tangu saa kumi na mbili ya asubui, pembeni ya Mudzipela, hapa Bunia. Ngombe makumi tatu na sita, sindano makumi tatu na sita. Matope mpaka ku magoti. Nilikuwa nafunga glasieri, sanduku ya barafu ya vaksini, wakati mwenye ngombe akaniita mbio: ndama yake inavimba. Mvua imerudi, majani ni laini, ngombe banakula mingi, gazi inabakia mu tumbo. Upande wa kushoto ulikuwa umesimama sawa ngoma.

Hapo dawa ya haraka ni moja: kutoboa, gazi itoke. Trokare ya servisi yetu ya mifugo, ile chuma ya kutobolea, baliiba mwaka jana. Ingine banaahidi kila mwezi. Mi natumikisha kisu yangu ya kukunja. Nikasukuma. Ngozi ikakataa. Nikasukuma tena na nguvu yote, na makali ikajikunja yenyewe juu ya kidole yangu. Nikaachilia. Wakati natafuta kitambaa, ndama ikalala. Ikakufa mbele yetu bila hata kulia.

Mwenye ndama njo alinifunga kidole, na leso yake. Yeye mwenye kupoteza. Haya inaniua.

Jumanne, 7 Oktoba

Balinishona kidole nyuzi tano. Kisu nilitupa mu choo. Miaka ine nilikuwa nayo na kila siku nilijua inacheza. Ilikuwa ya kukata kamba na kumenya maembe. Haikuwa na kitu ya kuishika ikiwa wazi. Ujinga yangu mwenyewe.

Mukubwa wa servisi anasema Jumatano ya juma ijayo njo safari ya kuchanja Aveba. Kule iko Mama Ngave. Alirudi kwake mwaka huu, kiisha kuishi muda murefu mu kambi ya wakimbizi, na mali yake yote ni ngombe moja, tena iko na mimba. Kila juma ananipigiaka simu: docta, usikose. Majani ya kule ni laini kuliko ya hapa. Siendi Aveba mikono mitupu. Ngombe ya Mama Ngave haitakufa sawa ile ndama. Nasema hapana.

Jumatano, 8 Oktoba

Desi, bwana yangu, ni mwalimu. Anaogopa kila kitu ile haiko chaki. Leo anasema niende na dawa tu, niache mambo ya kisu, juu ya barieri za njiani, kule basoda, maaskari, banafungaka njia. Na Tabani, motari mwenye ananibebaka ku pikipiki, akaongeza mafuta ku moto: juma lililopita basoda bamekuta mutu na kisu mu buti. Bamemulalisha chini ku jua tangu asubui mpaka saa tisa. Kumbe ni mukata nyama tu, alikuwa anarudi kazini.

Tulibishana na Desi mpaka sombe, majani ya muhogo, ikaungua ku jiko. Naogopa, sitajidanganya. Lakini naogopa zaidi kusimama tena mbele ya ngombe yenye kukufa na mukono wazi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ku soko kubwa. Muzee mumoja anapanga visu juu ya shitingi, ile turubai, karibu ya wauza misumari.

Ya kwanza nyekundu, na uma, na makasi, na kifungulio ya chupa. Ile ni duka, haiko kisu. Nikaitingisha, makali inacheza sawa jino ya mutoto wa miaka sita. Ya pili nyeusi, meno ya musumeno ku mugongo, unafinya kidogo tu inaruka yenyewe: tya! Muzee anafurahi, anairusha mara tatu. Kwa nguvu iko na nguvu, sitakataa. Inashika kabisa. Lakini na ile ku barieri hata Mungu hatanitetea. Nikaiweka chini haraka na nikaangalia nani ananiona.

Ya tatu mushikio ya muti, na pete ya chuma. Unafungua, unazungusha pete, makali haiwezi kurudi. Niligonga mugongo yake mara kumi ku kibao. Haikurudi. Muzee anacheka: mama, unanunua kisu ao unapiga mutoto? Nikamuambia kuuliza haiko ujinga, na kugonga vile vile. Alikubali niende kuijaribu nyumbani. Ikinishinda, nirudishe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kisu ya muti nililaza mu ndoo ya maji asubui. Kule nitakuwa na mvua, damu na mavi ku mikono, ni lazima nijue. Saa nane nikaitoa. Muti umevimba, makali imekwama ndani. Nilivuta na kucha. Nilivuta na meno. Ni Desi aliifungua, na pensi, koleo ya misumari, na akaniwekea ku meza.

Na tena haiwezi kuchemka pamoja na sindano, muti utapasuka. Kisu ya kuingia mu tumbo ya ngombe inapashwa kuchemshwa. Narudisha. Siku ine zinabaki na siko na kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niliipata!

Kwa Mama Asina, mwenye anatoaka bidhaa Ariwara, kule ku mupaka. Chini ya mabeseni na sahani, kisu moja tu. Manche, mushikio yake, ya plastiki, rangi ya machungwa, nene, na mistari ya kushikilia. Makali fupi, urefu wa kidole ya katikati, mugongo nene. Ikifunguka, kidude ya chuma inalia ka! na inaishika. Mpaka ufinye kile kidude ndipo inarudi. Ku mwisho iko tundu ya kamba. Ikianguka mu majani utaiona mbali. Na haifanani na vita. Inafanana na kitu ya jikoni.

Nyumbani niligonga mugongo yake ku jiwe. Haikurudi. Nikaichemsha. Haikugeuka. Nikajifunza kuifungua na mukono ya kushoto pekee, juu ile ya kulia iko na bandaji. Mara tatu ikanikatalia, ya ine ikakubali. Kiisha nikajipakaa mafuta ya ngazi, ya mawese, mikono yote mbili, nikaenda nyuma ya nyumba, nikatoboa mugomba. Paf, mpaka ku manche. Mukono haukuteleza, kisu haikujikunja. Nikatoboa tena. Nikatoboa mara nane, kwa furaha tu. Jirani akachungulia ku uzio, akaona mama muzima, mafuta mpaka ku viwiko, anaua mugomba. Akauliza: mama, ni nani alikukasirisha? Nikasema: servisi.

Nilicheka mpaka machozi. Ni mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumapili, 12 Oktoba

Desi anasema hata ya machungwa ni kisu. Kanisani sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tabani alipita kuniambia: ku barieri ya pili bameleta basoda bapya. Banatoka mbali, banasema Lingala, batu wa huku habawajue. Akaniangalia usoni na akaniuliza kama ile kitu naenda nayo kweli. Nilimuambia ashugulike na mafuta ya pikipiki yake.

Mu buti hapana. Mu mufuko hapana. Nitaiweka mu glasieri, chini kabisa, vaksini na barafu juu yake. Glasieri yangu hakuna soda aliifungua hata siku moja. Nawaambiaka vaksini itapata moto, ngombe za batu zitakufa juu yabo, na banarudisha mukono. Najisikia mwerevu.

Jumatano, 15 Oktoba

Naandika nikiwa nyumbani kwa Mama Ngave.

Tulitoka Bunia saa kumi na mbili. Saa tatu simu: Mama Ngave. Ngombe inavimba. Nilimuambia: isilale, isimame, miguu ya mbele ikae juu ku kilima, mufunge kijiti mu mudomo wake itafune, gazi itoke kidogo kidogo. Niko njiani. Inabaki saa moja na nusu ya njia. Ikianguka kabla sijafika, piga simu, nitakuambia mahali ya kutoboa. Nikamuambia Tabani: kimbia.

Barieri ya pili. Kamba imekata njia, basoda ine. Mukubwa wabo, mutu wa sauti ndogo, akasoma ordre de mission, karatasi yangu ya safari ya kazi, mustari kwa mustari. Akauliza kama kuko silaha. Nikasema hapana. Kuko kisu, kuko panga? Nikasema hapana. Juu ya nini nilisema hapana? Mudomo ulitangulia akili. Akasema fungua glasieri. Nikaanza wimbo yangu ya vaksini itapata moto. Akaifungua na ncha ya kiatu, akasukuma barafu, na kisu yangu ya machungwa ikaonekana.

Akasema: leta.

Nikaitoa. Imefungwa, maji inatoka. Na nikafanya vile mama yangu alinifundisha, vile siye bote wa huku tunafanyaka: kisu haipewi mutu mukono kwa mukono, itazaa ugomvi kati yenu. Unaiweka chini, mwenzako anaiokota mwenyewe. Sikufikiri hata. Nikainama mbio niiweke mbele ya miguu yake, kwa heshima. Tabani akapiga kelele. Yule mutu hakujua desturi yetu. Yeye aliona mwanamuke mwenye kudanganya anajitupa na kisu ku magoti yake. Nilisikia bunduki tatu zinavutwa. Nikabakia vile, nimeinama, maji ya barafu inaingia mu mukono ya shati. Nikajikojolea. Naandika hii juu hakuna mwenye atasoma.

Bametulalisha chini, siye babili. Simu yangu mukubwa akatia mu mufuko wake. Ikalia. Ikanyamaza. Ikalia tena. Nilijua ni nani. Nilisema, uso mu matope: ni ngombe, ni mama anataka kujua atoboe wapi, niache nimuambie maneno mawili. Katikati ya ubavu ya mwisho na nyonga, upande wa kushoto. Ni ile tu. Akasema nyamaza. Nikasema tena, na kiatu ikakanyaga karibu ya sikio. Simu ililia mu mufuko wake mara kumi na moja. Kiisha haikulia tena.

Saa sita na nusu akafika komanda mwenye kukaa huku muda murefu. Tabani akamuelezea mambo ya kuweka chini. Komanda akacheka. Kiisha akaacha kucheka, akaniuliza juu ya nini nilisema hapana. Akasema: mama, ungesema ndiyo, kisu ya kazi, ungekuwa mbali. Akaweka kisu chini, nikaiokota.

Tulifika saa nane. Majani ya ndizi yalitandikwa mu uwanja, na nyama juu yake. Ngombe bameichinja wakati ilianguka, isipotee bure. Batu banapanga mafungu bila kelele. Ndama ya mu tumbo bameilaza pembeni, bamefunika na gunia. Mama Ngave alikuwa anakaa juu ya kinu yenye kupinduliwa.

Akasema: docta, nilikupigia.

Nikasema: najua, mama.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilichanja ngombe za majirani. Kisu ilikuwa ku shingo yangu, na kamba. Hakuna ngombe hata moja ilivimba.

Njiani Tabani anasema: muficha ugonjwa, kifo inamufichua. Nilimuambia aendeshe pikipiki yake. Yeye pia alilala mu matope juu yangu, na siku yake ya kazi ilipotea. Sikumuomba musamaha. Nitamuomba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nyumbani. Mama Ngave alinipa fungu ya docta, imefungwa mu majani. Muganga wa ngombe anapataka fungu yake, hata kama hakuponya kitu. Kukataa ni matusi. Nilisema aksanti na nilibeba ile nyama ku magoti njia muzima.

Desi aliipika. Watoto bakakula na kusifu. Mi nilikula bugali na chumvi.

Nilimuambia Desi yote, hata ile ya mukojo. Nilingoja aseme alinionya. Hakusema. Ningependa angesema.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua tangu asubui, hatukutoka. Bandaji nilitoa. Kidole inakunjika nusu.

Jumanne narudi njia ile ile, kwa vaksini ya pili, ya ngombe zenye zilibaki. Jana nilimuambia mukubwa wa servisi kila kitu. Alikohoa, akasema nikileta liste, orodha ya vyombo vyote ninavyobeba, yenye kuandikwa muzuri, atatia sinyatiri, sahihi yake, na muhuri. Desi iko na maandishi muzuri kunipita. Alisafisha meza, akanoa kalamu ya kupigia mistari, akaanza: glasieri moja. Sindano makumi mbili. Mafuta ya kunywesha. Kamba mbili. Kiisha akasimamisha kalamu. Kisu ilikuwa juu ya meza, kati ya kikombe yake na yangu. Akaniuliza aandike nini hapo, chombo ya upasuaji ao kifaa ya servisi, basoda basishituke.

Nikamuambia: andika kisu.